Likizo pwani: maswali tunayoulizwa kila mara kuhusu mizigo na usafi wa chumba cha hoteli

Nilitandika vitanda vya hoteli miaka sita, upande wa mashariki wa Unguja, kabla ya kuhamia Tanga na kuanza kulala kwenye vitanda vilivyotandikwa na wenzangu. Tangu hapo ndugu, majirani na marafiki wa ndugu hawanipi nafasi: Desemba ikikaribia simu haikatiki. Maswali ni yaleyale, basi nimeyaweka hapa pamoja na majibu yake. Nimemfikiria zaidi mtu wa gesti ya kawaida au hoteli ya wastani, kutoka Lamu hadi Mtwara pamoja na visiwani. Wewe unayelipa dola mia tano kwa usiku unaweza kusoma ya kunguni peke yake. Kunguni hachagui.

Nikifungua mlango wa chumba nianze na nini?

Usitupe begi kitandani. Liweke bafuni juu ya vigae, au kwenye kile kimeza cha mizigo kama kipo, halafu jipe dakika kumi za ukaguzi: kitanda, bafu, maji, chandarua, kitasa. Watoto wakae barazani kidogo, wasiruke godoroni bado.

Sababu yangu ni ya kiofisi zaidi kuliko ya kiafya. Mgeni akirudi mapokezi na begi lililofungwa, anapewa chumba kingine bila maneno mengi, maana kile cha kwanza bado kinahesabika ni safi. Mgeni aliyekwisha kuoga, kulala na kutawanya nguo, hata akiwa na haki, anawaongezea watu kazi ya kukisafisha upya. Ndipo utakaposikia "leo tumejaa, mama."

Katika hizo dakika kumi fungulia bomba la mvua na uyaache maji yatiririke dakika mbili tatu, wewe ukiwa nje ya bafu. Maji yaliyolala kwenye mabomba ya chumba kisichotumika, yakiwa vuguvugu, huweza kuzaa bakteria waitwao Legionella, ambao huingia mapafuni kwa kuvuta hewa yenye matone madogo ya maji. Jina lenyewe limetokana na hoteli: mwaka 1976 huko Philadelphia, Marekani, wanajeshi wastaafu wa jumuiya ya American Legion walikutana hotelini, wakaanza kuugua nimonia isiyojulikana, na zaidi ya watu 25 wakafariki.

Nyinyi wa usafi huwa mnasafisha nini hasa?

Nitasema ukweli, wenzangu wanisamehe. Wageni wanatoka saa 4 asubuhi, wapya wanaingia saa 8 mchana, na mhudumu mmoja ana vyumba kumi au zaidi. Hapo usafi unakuwa wa macho. Msimamizi wa hausikipingi akipita anatazama shuka kama imenyooka, kioo kama kina alama, unywele kwenye sinki, choo. Hivyo vyote utavikuta vizuri. Vitu vinavyoshikwashikwa lakini havionekani kuchafuka ndivyo vinavyorukwa: rimoti, swichi ya taa ya kando ya kitanda, simu ya mezani, mpini wa friji, kitasa cha ndani. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Houston walipima vyumba vichache vya hoteli Marekani, na rimoti na swichi ya taa ya kitandani zikawa miongoni mwa sehemu zilizobeba bakteria wengi zaidi. Mimi sikushangaa.

Kwa hiyo beba vitambaa vyenye spiriti, au chupa ndogo ya spiriti na kipande cha kanga kuukuu, upanguse hivyo vitu vitano. Usitumie jiki. Inababua mbao, inaharibu nguo yako, na mvuke wake ndani ya chumba kilichofungwa si wa mchezo.

Halafu lile shuka zito la juu la mapambo, na vile vimito vya rangi: ni nadra kufuliwa kila mgeni anapoondoka. Vikunje uviweke kabatini. Shuka nyeupe na foronya ndizo zinazobadilishwa, na ukiona mikunjo ya pasi au ya kukunjwa bado ipo, umepata zilizotoka dobi.

Na glasi za bafuni? Nimeona kwa macho yangu glasi ikisuuzwa kwenye sinki la chumba hichohicho na kukaushwa kwa taulo iliyokuwa begani. Si kila mahali. Ila mimi nikisafiri hubeba kikombe changu.

Taulo ni za njano na sabuni haitoi povu. Je, ni uchafu?

Mara nyingi ni maji. Paje, Jambiani, Michamvi na sehemu nyingi za pwani, hoteli zinatumia maji ya visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, yenye chokaa na chumvichumvi. Sabuni inakutana na chokaa, povu linakufa, na nguo nyeupe inafifia kidogo kidogo kila inapofuliwa. Nusa taulo. Ikiwa na harufu ya sabuni na jua, ni safi hata kama haipendezi. Ikiwa na harufu ya uvundo, rudisha, hata kama ni nyeupe pe.

Kunguni nitawatambuaje?

Washa tochi ya simu na uzime aibu. Chomoa shuka kwenye pembe mbili za kichwani, tazama mshono wa godoro mwote, kisha kwenye chaga, nyufa za ubao wa kichwani, nyuma ya picha iliyotundikwa juu ya kitanda, na pindo la chandarua. Kunguni mkubwa ana milimita 5 hivi, ni bapa, rangi ya hudhurungi, na akishiba damu hujaa na kuwa mwekundu. Mayai ni meupe, milimita 1, kama punje ya mchele iliyopunguzwa mara nyingi. Nchi zetu za joto zina aina yake, Cimex hemipterus, ndugu wa yule wa Ulaya, na tabia ni moja: mchana amejificha, usiku anatoka.

Usitegemee kumwona yeye mwenyewe. Tafuta vidoa vyeusi vilivyokusanyika kama nukta za kalamu ya wino. Hicho ni kinyesi chake. Pangusa kwa kitambaa kibichi, ukiona kinasambaa na kuacha rangi ya damu iliyokauka, huhitaji ushahidi mwingine. Maganda matupu ya rangi ya asali nayo ni yake, huyavua kila anapokua.

Watu hupenda kuangalia mikono yao asubuhi. Si kipimo kizuri. Wengine huvimba baada ya saa chache, wengine baada ya siku kadhaa wakiwa wamekwisha kufika hoteli ya pili na kuisingizia, na wengine hawaonyeshi alama kabisa. Ndiyo maana mume analala fofofo akisema chumba ni kizuri, na mke yuko macho akijikuna.

Jambo moja la kukutuliza: kunguni hajulikani kuambukiza watu magonjwa. Na kuwa naye si dalili ya uchafu. Anakuja kwenye begi la mgeni, basi. Mwaka 2023, miezi michache kabla ya Olimpiki, Paris nzima ilikuwa gumzo la kunguni, hotelini, kwenye sinema, hata kwenye treni.

Nimewakuta. Nifanyeje?

Piga picha, shuka mapokezi, zungumza kwa upole na omba chumba kingine. Kiwe mbali: kisiwe kinachopakana ukuta na hicho, wala cha juu yake au chini yake, kwa sababu wanapita kwenye nyufa na matundu ya nyaya. Usikubali kupuliziwa dawa ya mbu kitandani kisha ulale. Kunguni wengi wamekuwa sugu kwa dawa hizo, na utakayevuta moshi ni wewe.

Ukirudi nyumbani, begi lisipite sebuleni. Lifungulie barazani au uani. Nguo zote, hata ambazo hukuvaa, ziingie kwenye maji ya moto, nyuzi 60 ndiyo ya uhakika, na zisizovumilia maji hayo zipigwe pasi, hasa kwenye mishono na mifuko. Begi lenyewe lisuguliwe kwa brashi kwenye mishono. Bibi yangu alikuwa anaanika godoro juani siku nzima. Jua linasaidia, lakini kunguni ana akili ya kuhamia upande wa chini wenye kivuli. Na usidhani ukilitupa begi uvunguni mwezi mzima watakufa njaa. Mkubwa anavumilia miezi bila kula.

Nifungashe nini kwa siku tano?

Kidogo kuliko unavyofikiria. Nimebeba mabegi ya watu ngazini, nayajua: nusu ya nguo hurudi zikiwa zimekunjwa vilevile. Siku tano zinataka nguo tatu za mchana, moja ya jioni, moja ya kuogea baharini, ya kulalia, na za ndani za kutosha. Pamba na kitambaa chepesi. Jinzi iache nyumbani, kwa unyevu wa pwani ikilowa Jumatatu unaivaa Alhamisi. Lile begi la shangazi kaja linabeba dunia nzima lakini halina umbo, kila ukitafuta soksi unalipekua hadi chini, na mishono yake ni raha ya kunguni. Kama ni hilo ulilo nalo, panga nguo za kila mtu ndani ya mfuko wake wa kitambaa.

Kitu ninachokiweka mbele ya vyote ni doti ya kanga, leso kama uko Mombasa. Kipande kimoja unatandika juu ya shuka usiyoiamini au unajifunika, cha pili ni taulo ya ufukweni, pazia, mto wa basi, vazi la kwenda kufungua mlango. Vinakauka kwa saa moja na havili nafasi.

Baada ya kanga: kandambili (malapa, slipasi, ziite utakavyo) za kuvaa bafuni, maana sakafu ya bafu la watu wengi ndipo fangasi wa vidoleni wanapopatikana. Kikombe. Kipande cha sabuni ya mche, kinachofua na kuoga. Kamba ya nailoni ya mita tatu na vibanio vichache. Kufuli dogo. Tochi, umeme ukikatika. Foronya yako kama una uso wenye chunusi au mzio. Kopo dogo la chooni, kwani hoteli za watalii wengi huweka karatasi tu na kudhani dunia nzima imeridhika. Pakiti mbili tatu za ORS (ile chumvi ya kunywa ukiharisha) na dawa zako za kila siku kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linalopakiwa. Pedi za kutosha, kwa sababu duka la ufukweni linauza kwa bei ya watalii, na tafadhali zisitupwe chooni. Anayezibua ni mtu.

Soketi za Tanzania, Kenya na Uganda, kama za Oman, ni za pini tatu bapa. Mnaotoka Bujumbura au Ulaya bara bebeni adapta. Na kama safari inaunganisha Tanga na Lushoto, weka sweta, usicheke. Mwezi wa Juni na Julai kule juu unalala na blanketi mbili.

Nguo chafu na nguo mbichi nizitie kwenye nini?

Si kwenye mfuko wa Rambo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, Zanzibar ilitangulia miaka mingi nyuma na Rwanda iko hivyo tangu 2008. Vile vifuko vya zipu vya kuwekea sabuni na mafuta huruhusiwa uwanja wa ndege Tanzania, kwa sharti kwamba unaondoka navyo. Kenya imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 5 Juni 2020 hata chupa za maji za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya maeneo ya hifadhi, zikiwemo fukwe zilizohifadhiwa.

Beba mfuko wa kitambaa kwa nguo chafu, na wa turubai au raba kwa mbichi. Mchanga ukung'ute nje kabla ya kuingia. Tulikuwa tunauona bafuni umeziba mtaro, mgeni analalamika maji hayaendi.

Vimiminika kwenye ndege?

Mkononi, kila chupa isizidi mililita 100 na zote zikae kwenye mfuko wa lita 1. Sheria hiyo ni ya tangu 2006. Ndege ndogo za kwenda visiwani na mbugani huwa na kikomo cha kilo 15 na zinataka begi laini, si sanduku gumu. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwa joto letu: funga kifuniko, kiviringishie kitambaa, ulikalishe kopo wima.

Nina hina mikononi. Hoteli watanitoza?

Wanaweza. Hina na piko ni adui namba moja wa shuka nyeupe, wakifuatiwa na liwa, mafuta ya nywele na ile poda ya kuzuia jasho. Nimesugua shuka ya harusi hadi vidole vikatoka malengelenge, na bwana harusi akakatwa pesa ya shuka mbili. Ipake hina siku mbili kabla ya safari, na usiku wa kwanza tandika kanga yako ya rangi nzito. Kujifutia vipodozi, tumia kitambaa chako, siyo taulo ya hoteli.

Maji ya bomba yanafaa kupigia mswaki?

Mimi natumia ya chupa au yaliyochemshwa, kupigia mswaki hata kusuuza kikombe. Ukikuta birika la umeme chumbani, lijaze, lichemke, mwaga, kisha chemsha ya kunywa. Barafu kwenye juisi ya njiani ni maji yaleyale. Na ukihara, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka: jeli ya spiriti haiwezi vizuri virusi vya noro, ambavyo vikiingia kwa mtu mmoja vinaimaliza familia nzima chumba kimoja.

Chandarua kipo. Bado nijipake dawa?

Ndiyo. Mbu wa malaria anauma usiku, yule wa dengi anauma mchana, na Dar es Salaam imeshaonja mlipuko wa dengi 2014 na 2019. Chandarua kichunguze matundu kwa kukiinua dhidi ya taa. Tundu dogo libane kwa kibanio cha nywele. Kichomeke chini ya godoro kabla ya magharibi, si wakati wa kulala, kwani ukichelewa unamfungia mbu ndani pamoja nawe.

Zanzibar malaria imepungua sana, na hilo limewafanya watu wengi wa visiwani kusahau wanapovuka kwenda Bara. Watoto waliozaliwa Muscat, Dubai, London au Minneapolis hawana kinga ya kuzoea kama binamu zao wa hapa. Kabla ya kuwaleta kwa bibi, daktari wa huko aulizwe kuhusu vidonge vya kuzuia malaria. Na homa yoyote baada ya kurudi, mtaje kwamba mlikuwa Afrika Mashariki.

Chumba kinanuka unyevunyevu.

Fungua madirisha nusu saa ukiwa umezima kiyoyozi. Harufu ikirudi mara tu kiyoyozi kinapowashwa, chujio lake halijaoshwa. Waambie, ni kazi ya dakika kumi kwa fundi wa hoteli. Harufu ikitoka kwenye kitundu cha maji bafuni, mimina ndoo ya maji: mara nyingi mtego wake, yaani maji yanayokaa kwenye kona ya bomba kuzuia harufu, umekauka tu.

Tunaweza kula chumbani?

Matunda sawa, ila maganda yasilale ndani. Sisimizi wa pwani wanapata habari kabla ya mapokezi. Doriani sisi tulikataa kabisa, na dagaa wakavu ulionunua kwa ajili ya nyumbani wafungie kwenye ndoo yenye kifuniko, au omba wakutunzie stoo.

Mtoto wangu hukojoa kitandani. Naona haya.

Usione. Beba mpira wa kutandika, uweke chini ya shuka. Ikitokea bahati mbaya, mwambie mhudumu asubuhi kabla hajaingia, bila kumtaja mtoto mbele ya wenzake. Tunachoomba sisi ni tuambiwe. Godoro lililofichwa chini ya shuka safi ndilo linalooza, na anayelala hapo kesho ni mtoto wa mtu mwingine.

Nitaswalia wapi, na kibla iko upande gani?

Zulia la chumba silipendi kwa swala. Beba mswala mwepesi, au tandika kile kipande cha pili cha kanga kikiwa safi. Pwani yetu kibla ni kaskazini. Wageni wa Muscat husahau, kwa kuwa kwao ni magharibi. Baadhi ya hoteli hubandika mshale darini au ndani ya droo.

Niwaachie chochote wahudumu wa vyumba?

Hulazimiki. Ukitaka, acha kila siku badala ya siku ya mwisho, kwani aliyekusafishia jana huenda leo yuko likizo. Na uandike kikaratasi: "Hii ni ya mhudumu, asante." Pesa isiyo na kikaratasi hatuigusi, hata ikiwa sarafu. Mtu anafukuzwa kazi kwa noti iliyosahaulika chini ya mto wa kitanda.

Wageni husahau nini zaidi?

Chaja, kwenye soketi iliyo nyuma ya kitanda. Nguo za kuogea zilizoanikwa kwenye reli ya veranda. Pete na saa juu ya sinki. Doli la mtoto ndani ya mikunjo ya shuka, ambalo linakwenda hadi kwa dobi na kurudi limenyonyoka nywele. Na mara mbili katika miaka yangu sita, meno ya bandia, yamezama kwenye glasi ya maji ya bafuni. Ndiyo maana nikakwambia ubebe kikombe chako.